Amri Isiyouliza

"Andika r," Fredrick alisema. "Sasa m. Ruka nafasi moja."

Filomena alijifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kugusa kibodi. Alikuwa ametoka kusugua vyoo vya ghorofa ya pili na vidole vyake bado vilinuka dawa. Aliitafuta r, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaitafuta m. Kila herufi iliyotokea kwenye skrini nyeusi aliitamka kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu vidonge vya mgonjwa asije akazidisha.

"Sasa kistari, kile kifupi. Halafu r tena, na f."

"Hii f ni ya nini, baba?"

"Ya fasta," Fredrick alisema, na vijana wawili waliosimama nyuma yake wakaangalia chini. Mmoja alikuwa ameshika simu usawa wa kifua. "Ruka nafasi, halafu weka nyota. Nyota iko juu ya nane. Shikilia hicho kitufe cha pembeni ndo ubonyeze."

Nyota ikatokea. Filomena aliisoma amri yote tangu mwanzo, akaondoa mkono.

"Haitagusa vya kwangu?"

"Vyako vipi?"

"Vimo humu. Vya mwanangu."

"Vitabaki. Kompyuta yenyewe inajua takataka ni zipi. Si imekuandikia kwamba imejaa? Ndo dawa yake hii. Bonyeza Enter, mama, sie tunaenda kula."

Ilikuwa Jumanne, saa saba na nusu mchana. Filomena akabonyeza.

Kompyuta haikusema kitu. Taa ndogo ya mbele iliwaka mfululizo kwa pumzi mbili tatu, ikatulia, na mstari mpya ukatokea chini ya ule wa kwanza, mtupu, ukisubiri aseme anachotaka. Akaandika l na s, herufi mbili zinazoiambia kompyuta ikueleze ina nini ndani. Haikumwonyesha kitu. Akadhani amekosea, akaandika tena, polepole zaidi. Mstari mtupu.

Nyuma yake walicheka. Walicheka kwa pua, wakijizuia, kwa sababu ofisi ya mkuu wa chuo, Mwalimu Gozbert, ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Mama Usafi kasafisha," alisema yule mwenye simu, na video ikaishia hapo.

Filomena alikuwa na miaka arobaini na tatu, mtu wa Masasi, na alikuwa amefanya usafi katika chuo kile cha Chang'ombe kwa miaka sita. Chuo kilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari. Kila asubuhi alitembea kutoka Tandika, akafungua geti, akafagia, akadeki, akapangusa kompyuta thelathini na moja kwa kitambaa kikavu. Kwa miaka minne ya mwanzo hakuwahi kubonyeza hata kitufe kimoja. Kwake, zile kompyuta zilikuwa kama vyombo vya kabatini kwa mwenye nyumba: unavipangusa, lakini wewe huvilii chakula.

Hilo lilibadilika baada ya Veva kufa.

Genoveva alikuwa mwanawe wa pekee. Alizaliwa na selimundu, na katika miaka kumi na minne aliyoishi, alilazwa mara nyingi mno. Filomena asingeweza kuacha kazi kila mtoto alipolazwa, kwa hiyo mdogo wake ndiye aliyekaa wodini mchana, na Veva aliazima simu ya mama yake mdogo kumtumia mama yake sauti. Mama, leo wamenihamisha kitanda. Mama, uji wao hauna sukari, ukija njoo na ya kwetu. Mama, huyu nesi mpya anaimba akichoma sindano, anafikiri tutasahau. Filomena alizisikiliza stoo, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu kaibana sikioni. Alijibu kwa kifupi kwa sababu alikuwa kazini. Nimesikia mwanangu. Nakuja jioni. Siku moja mwezi wa tano hapakuwa na sauti, na jioni alipofika wodini kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Simu yake ilipoanza kufa, kioo kikiingia weusi kutoka pembeni, aliyemsaidia alikuwa Hamida.

Hamida alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa Chanika. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Ili apate saa moja ya ziada kabla ya darasa, aliondoka kwao saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa amesimama getini akimsubiri mwenye funguo. Asubuhi zote hizo jengo lilikuwa la watu wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nitakula."

Hamida ndiye aliyezitoa sauti za Veva kwenye simu na kuzihamishia kwenye kompyuta ya kona, ile kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Ilikuwa nzito kiasi kwamba ukifungua picha na madirisha inaganda. Ilifanya kazi vizuri kwa namna moja tu, skrini nyeusi na amri za kuandika kwa mkono. Kwa hiyo Filomena akajifunza amri. Ya kwanza inakwambia umesimama wapi. Ya pili inakuonyesha kilichopo pale uliposimama. Ya tatu inabadilisha jina la kitu. Hamida hakumharakisha, wala hakumwekea mkono wake juu ya mkono wake.

"Na kufuta?" Filomena aliwahi kuuliza.

"Kufuta nitakufundisha mwisho kabisa. Huku kwenye weusi hakuna pipa la taka, mama. Ukifuta kitu, kimeenda. Na kabla hujafuta, iulize kwanza umesimama wapi. Watu wengi wanaumia kwa kutouliza hilo tu."

Sauti zilikuwa mia moja sitini na tatu. Zilipotoka kwenye simu zilikuwa na majina ya tarakimu tupu. Filomena alizisikiliza moja moja, kila asubuhi moja, na akishasikiliza aliipa jina. Uji. Nesi mpya. Mvua kwenye bati. Anacheka. Anaomba ndizi. Iliyo ndefu. Ilimchukua miezi zaidi ya mitano. Katikati ya kazi hiyo simu ikazima moja kwa moja, na fundi wa Manzese akasema bodi imekufa, labda aichukue kwa ajili ya spea. Akampa. Ya mdogo wake ilikuwa imeshaibwa kitambo, lakini kilichokuwamo alikuwa nacho kwenye kona.

"Inabidi tutafute flashi," Hamida alimwambia. "Zikae sehemu mbili."

"Wiki ijayo," Filomena alisema, na wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo.

Ile Jumanne Hamida alikuwa Lindi kwenye msiba wa babu yake. Kompyuta ilikataa kubadilisha jina la sauti moja, ikatoa maneno ya Kiingereza. Filomena aliyanakili kwenye kipande cha boksi, akamwonyesha mtu wa kwanza aliyepita. Aliyepita alikuwa Fredrick.

Hamida alirudi Ijumaa. Filomena alimweleza getini, kabla hata ya salamu, na Hamida akapanda ngazi mbio. Aliisoma ile amri pale ilipobaki kwenye skrini, akakaa.

"Nani amekwambia uandike f?"

"Alisema ni ya fasta."

Hamida alinyoosha kidole kwenye skrini. "R na m ni futa. Hiyo r ya pili inamaanisha iingie ndani ya kila folda, hata iliyo ndani ya nyingine, ndani ya nyingine. Nyota ni kila kitu. Na f, mama, maana yake usiniulize."

Alijaribu siku mbili. Kuna programu za kuokota vilivyofutwa, aliziweka, akazungusha, akasubiri. Alichookota kilikuwa vipande vya mafaili yasiyofunguka, na kimoja kilichofunguka. Wakakaa karibu kusikiliza, kila mtu na upande wake wa spika ya sikioni. Kilikuwa na sekunde nne. Magurudumu ya kitoroli yalipita kwenye sakafu, mlango ukabamizwa, mwanamke asiyejulikana akasema, "Kitanda namba tisa." Basi.

"Rudia," Filomena alisema.

Hamida alirudia mara kumi na moja. Veva hakuwemo.

Jumatatu Hamida alimpeleka kwa Mwalimu Gozbert. Fredrick aliitwa. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akasimama mikono nyuma. Mwalimu Gozbert alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kalamu mezani.

"Filomena, nani alikupa ruhusa ya kutumia mashine ya chuo?"

"Hakuna, mwalimu."

"Sasa unataka nimwadhibu mwanafunzi kwa kufuta kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo?"

Mwalimu akamgeukia kijana.

"Na wewe?"

"Mie sikujua kama ni sauti za marehemu," Fredrick alisema. "Ningejua, nisingefanya, haki ya Mungu. Nilidhani ana vinyimbo vyake tu mle. Lakini, mwalimu, na yeye kitu cha maana anakiwekaje sehemu moja? Si ndo somo la kwanza ulilotufundisha?"

Kitu kikapita usoni mwa Mwalimu Gozbert, kile kinachompata mwalimu akijibiwa swali vizuri. Alikizuia, lakini Filomena alikuwa amekiona.

"Mwombe mama msamaha."

"Samahani, mama."

"Haya. Yameisha. Kuanzia leo kompyuta zote zitawekewa kizuizi, mtu akitaka kufuta zimuulize faili kwa faili. Na wewe Filomena, kompyuta utaigusa kwa kitambaa."

Ile ya kona ikashushwa stoo siku hiyo hiyo, na aliyeambiwa aibebe alikuwa Filomena.

Video ilikuwa imeshazunguka. Ilikuwa ya sekunde thelathini hivi, na mwisho wake, baada ya yeye kuandika l na s mara ya pili, mtu alikuwa amepachika kibwagizo cha singeli. Wanafunzi ambao hawakuwahi kumsalimia wakaanza kumwita Mama Fasta. Mama Fasta, sabuni imeisha. Mama Fasta, huku kumemwagika chai. Hawakuwa wanajua yote, na wachache waliojua waliona aibu, na njia yao ya kuona aibu ilikuwa kumkwepa kwenye ngazi. Fredrick hakumwita hivyo. Fredrick alimwamkia shikamoo kila siku, kwa adabu, na hilo lilimchoma zaidi kwa sababu ilimbidi aitikie marahaba.

Hamida aliendelea kufika saa kumi na mbili na nusu, lakini Filomena alikuwa akifungua geti na kwenda moja kwa moja stoo. Hamida alipomfuata huko siku za mwanzo, alimwambia ana kazi. Kwa kweli alikuwa anakaa juu ya ndoo. Alikuwa anajaribu kumsikia Veva bila msaada wa kitu, na kila siku maneno yaliongezeka na sauti ilipungua, mpaka ikafika asubuhi aliyogundua kwamba maneno yote anayo, ya uji, ya nesi, ya mvua, lakini anayasikia kwa sauti yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tisa tangu sauti zifutwe.

Miradi ya mwisho ilikuwa inatakiwa Jumatatu saa kumi jioni. Darasa zima lilikuwa halilali. Adhuhuri ya Ijumaa hiyo chumba kilitawanyika, wengine wakaenda msikitini, wengine kwenye chipsi, na Filomena akaingia na ndoo na dekio kama Ijumaa zote. Kwenye kompyuta namba saba, ya Fredrick, skrini nyeusi ilikuwa wazi. Alipenda kufanyia kazi kwenye weusi, watu wamwone. Jina lake lilikuwa mwanzo wa mstari, na baada ya jina, kile kidirisha kidogo kinachopepesa, kikisubiri.

Filomena alideki mpaka mlangoni. Akarudi akadeki tena palipokwisha kauka. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge na kukaa.

Kwanza akauliza amesimama wapi. Kompyuta ikajibu: kwa fredrick. Akaandika l na s. Zikaja folda tano. Picha, muziki, barua, mradi wa zamani, mradi wa mwisho. Alisoma majina yote matano kwa sauti ndogo. Moyo wake ulikuwa unakwenda polepole kuliko alivyotegemea.

Aliandika r na m, akaruka nafasi, kistari, r. Hakuweka f. Akaandika mradi wa mwisho, herufi kwa herufi kama ilivyoandikwa, akabonyeza.

Kompyuta ikauliza. Kile kizuizi cha Mwalimu Gozbert kilikuwa kinafanya kazi. Iliuliza kwa Kiingereza, lakini alama ya kuuliza aliijua, na jina la faili aliliona: f_picha. Aliwahi kumwona Hamida akijibu maswali ya namna hiyo kwa y. Akaandika y. Ikauliza tena: f_rangi. Akaandika y. Ikauliza: h_stoo. Akaandika y. Ikauliza: h_wateja. Y. Ikauliza: h_dawa. Y. Majina yalikuja moja moja, yenye subira, na kila moja lilimpa nafasi ya kusema hapana. Alipofika la tisa aliondoa mkono kwenye kibodi. Hakuona huruma. Ilikuwa ni kule kuulizwa. Yeye hakuulizwa hata mara moja, na huyu anaulizwa mpaka lini?

Chini, getini, mtu alicheka. Watu walikuwa wanaanza kurudi.

Filomena aliibana ile pea ya vitufe inayokatisha amri. Akaiandika upya tangu mwanzo, na safari hii akaongeza f.

Taa ndogo ya mbele iliwaka, ikatulia. Akabeba ndoo, akaenda kumwaga maji.

Alisubiri kitu kimjie. Kilichomjia ni njaa. Alishuka kwa mama lishe wa upande wa pili wa barabara, akala wali na maharage sahani nzima, akaomba ukoko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa tano wa mwaka ule.

Saa tisa na nusu alikuwa anapanguza reli ya ngazi pale Fredrick aliposhuka na kusimama ngazi moja juu yake. Hakukuwa na mtu mwingine. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeeleza njia.

"Mama, kompyuta inatunza kila amri unayoiandika. Ulikuwa unalijua hilo?"

Filomena aliendelea kupanguza.

"Nimezikuta. Mtu kauliza kwanza amesimama wapi. Darasani kwetu hakuna anayeulizaga hivyo, ila aliyefundishwa na Hamida." Akasubiri. "Sijasema kwa mtu. Nimeshaifuta hiyo orodha. Nimemwambia mwalimu nimekosea mwenyewe."

"Nenda kamwambie," Filomena alisema. "Mie siogopi."

"Nikamwambie ili iweje? Mie yangu ninayo. Kila siku naibeba kwa flashi kwenda kwenye laptop yangu nyumbani, zile zenye f tu, yangu yote ipo." Alikuna shingo. "Tatizo ni Hamida."

Kitambaa kikasimama.

"Hamida anaingiaje?"

"Si ndo mwenzangu kwenye mradi. Mwenzake aliacha chuo, mwalimu akamleta kwangu mwezi uliopita. Hakukwambia?" Alimtazama usoni, akaona kwamba hakuambiwa. "Aliona haya labda. Kazi yake yote ilikuwa humo, miezi mitatu. Nilimwambia aiweke kwangu kwa sababu kompyuta yangu ina kasi. Hana laptop yule, hata flashi hana. Mwalimu kasema asipokuwa na kitu Jumatatu, anarudia mwaka. Na kwao kurudia mwaka hawawezi, unawajua."

Filomena aliona zile h zikipita. H_stoo. H_wateja. H_dawa. Aliyaona majina hayo yakiuliza na yeye akiyajibu.

Fredrick alishuka ngazi moja, akawa sawa naye kwa kimo. Hakuwa na hasira. Kulikuwa na kitu kama nafuu usoni mwake, kama mtu aliyebeba mzigo peke yake miezi miwili na sasa amepata wa kushika upande wa pili.

"Basi ngoma droo, mama," alisema. "Sasa tupo sawa, mie na wewe."

Akampita, akatoka nje kwenye jua.

Hamida alikuwa juu, kwenye kompyuta namba saba. Hakuwa analia. Alikuwa anaandika zile herufi mbili, l na s, anatazama, anaandika tena. Filomena alimwona kutoka mlangoni, akiwa na dekio mkononi. Alisimama muda ambao ungetosha kuvuka chumba, kisha akageuka.

Usiku huo Tandika umeme ulikatika. Alilala na nguo za kazi.

Jumamosi chuo kilifungwa, lakini saa kumi na mbili na robo Filomena alikuwa getini na funguo, na Hamida alikuwa ameshafika. Ushungi wake ulikuwa umelowa umande mabegani. Mkononi alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, limevimba kwa kufunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nilijua utakuja. Sikuwa na namba yako, nikasema nitakaa tu hapa hapa." Alijaribu kutabasamu. "Najua ulikatazwa mambo ya kompyuta. Lakini nina shida, na watu wote wapo na miradi yao. Kazi yangu imefutika. Fredrick anasema alikosea."

Filomena alizungusha ufunguo. Geti lilikuwa zito asubuhi hiyo, au mikono yake.

"Nimeiandika nyingi humu kwa kalamu," Hamida alisema, akilionyesha daftari. "Huwa naandika kwanza nyumbani, maana kule sina kompyuta. Si yote, ni kama nusu. Nusu nyingine nitaitunga njiani. Lakini nikisoma na kuandika peke yangu sitamaliza. Nikipata mtu wa kunisomea, mie macho yakabaki kwenye skrini, naweza kufika. Wewe herufi zote unazijua. Hata kama huelewi, nisomee tu kilichopo."

"Mie nasoma polepole."

"Ndo vizuri. Hutakosea."

Wakapanda. Hamida aliwasha namba kumi na tisa, iliyo karibu na dirisha. Filomena alivuta kiti, akakaa pembeni yake, akalipokea daftari mapajani. Mwandiko ulikuwa mdogo na umebanana, mistari mingi ikiwa imekatwa na kuandikwa upya juu yake. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na doa la mafuta ya taa.

"Anzia juu," Hamida alisema.

"Fungua mabano," Filomena alisoma. "J, i, n, a. Nukta. Hapa sielewi, kama nyoka hivi."

"Mabano ya mawimbi. Endelea."

"Mabano ya mawimbi. D, a, w, a. Alama ya sawasawa. Alama ya sawasawa tena."

"Ndiyo, ni mbili. Umeona vizuri, mama."

Vidole vya Hamida vilikuwa vyepesi. Kila Filomena alipotamka, herufi ilikuwa imeshatokea. Walikwenda ukurasa mmoja, kisha wa pili. Nje, duka la vipuri lilifunguliwa, mtu akaanza kugonga chuma juu ya chuma. Kwenye ukurasa wa tatu, juu, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, Hamida alikuwa ameandika jina la sehemu hiyo: h_stoo.

Filomena aliligusa jina hilo kwa kidole.

"Mama?"

"Hamida."

"Abee."

Mlio wa chuma ulisimama kule chini. Hamida hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini na mikono yake juu ya kibodi, vidole vimeinuliwa kidogo, vimekunjika, vikisubiri kuambiwa.

"Mungu atakulipa kwa hii," Hamida alisema, akidhani Filomena amechoka. "Soma tu. Nakusikiliza."

Filomena aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, asiupoteze, akafungua mdomo.